Hodi Niliyomuuzia Mabega

Jino lilikuwa la Fundi Bomba.

Nililijua kwa ile kona iliyomeguka, maana kila akicheka ndilo lililotangulia kutoka. Sasa lilikuwa peke yake kwenye ngazi za ghorofa ya pili, na damu yake mbichi, na mimi nimesimama juu yake na mkate kwapani.

Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita asihangaike, nitamshika mkono tu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja katika nchi isiyo yangu. Mume alisema anakwenda mji wa pili kutafuta kazi. Huu mwaka wa tatu, kazi bado anaitafuta. Nilisoma shule ya jioni, kalamu mkono wa kulia, mtoto titi la kushoto. Asubuhi napiga pasi kwa Mama Dobi, mchana kwenye chumba chake cha nyuma nafundisha Kiswahili, mtu mmoja mmoja, kwa saa.

Nilianza na bei ya kunyoa ndevu. Nikapata wanafunzi wa bei ya kunyoa ndevu. Mmoja alikuja amelewa, mwingine alilipia kichwa kimoja akaleta vichwa vinne.

Ndipo Mwalimu Tai, mwenzangu katika kazi hii, mtu asiyevua tai hata akifua, akanikalisha kitako.

"Dada, wewe unadhani unauza saa moja," akasema. "Unauza saa ya kufundisha, saa ya kujiandaa, na ile saa ya mwanafunzi asiyetokea. Zidisha mara tatu. Na bei ikishatoka mdomoni usiifuate na maneno. Ukiifuata, umeipunguza."

Nikazidisha mara tatu. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, nikabandika kwenye kioo cha Mama Dobi: maamkizi bei hii, mazungumzo bei hii, na ya juu kabisa, matamshi. Matamshi maana yake mtu atasema mpaka asiyemuona adhani ni wa kwetu.

Wanafunzi wote wakaniaga. Akaja mmoja mpya, mtu wa mabega yanayopita mlangoni kwa zamu. Ndiyo maana nikamwita Mabega. Nikamtajia bei ya matamshi, nikafunga mdomo. Naye hakusema neno. Akalipa masomo kumi kwa mkupuo.

Mteja asiyebishana bei, muogope. Hilo Mwalimu Tai alilisahau.

"Nataka kuoa kwenu," Mabega aliniambia siku ile. "Wakwe zangu hawafungulii mgeni mlango. Nifundishe mlango."

Nikacheka. Nikamfundisha mlango.

Basi Jumamosi niliwaachia kwenye lile jino. Twende nalo.

*

Mlango wa Fundi Bomba ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja. Ndani, jiko limepinduliwa, godoro limepasuliwa kama samaki. Fundi mwenyewe amekaa sakafuni, mkono wa kushoto umekunjika mahali ambapo mkono hauna kiungo. Mkewe, ambaye mimi namwita wifi kwa kuwa Fundi ni kaka yangu wa ughaibuni, alikuwa anamfunga kwa shuka.

"Wifi! Nani?"

"Watatu. Sijui nani."

"Mlifunguaje? Si tulikubaliana hapa hapa, hakuna kumfungulia mtu?"

Tulikubaliana kweli. Mwenye jengo anataka tutoke wote alibomoe, na karatasi ya hakimu hana. Bila karatasi, mlango uliofungwa hauguswi. Lakini ukifungua mwenyewe kwa mkono wako, aliyeingia ameingia. Kwa hiyo ghorofa ya pili na ya tatu, ambako tunakaa watu wa kwetu, kila mlango una makomeo mawili na kila mdomo una kufuli.

"Alipiga hodi," wifi akasema.

"Wapiga hodi ni wengi."

"Hodi yetu! 'Hodi hodi wenyeweee.' Nikanyamaza. Akasema, 'Wifi, nifungulie, nimetumwa kutoka nyumbani, nina mzigo wenu mdogo.' Alivyolivuta lile neno, nilidhani ni mdogo wangu wa mwisho. Nikasema karibu." Akajipiga kofi mdomoni, kofi la kweli. "Mdomo huu! Mdomo huu ndio uliosema karibu!"

"Acha kujipiga, mama," Fundi akanong'ona. "Waliopiga wametosha."

"Mume wangu alipotoa komeo tu, mlango ukamvaa usoni. Wakamshika mkono, wakauweka kwenye fremu, wakaufunga mlango. Wakaufungua. Wakaufunga tena."

"Ile ya pili ndiyo iliyouma," Fundi akasema, akacheka kwa pengo lake jipya. Kisha macho yakageuka meupe, akazimia.

Mimi nilikuwa nimeshakaa chini.

Ile sentensi ilikuwa yangu. Somo la nne. Mzigo mdogo kutoka nyumbani niliutunga mimi, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu ughaibuni anayeweza kuukatalia mlango mzigo kutoka nyumbani. Hata 'wenyewe' nilimwambia aivute mwishoni, "kama mtu aliyechoka na ngazi." Alirudia mara ishirini mpaka nikampigia makofi.

Na kuna baya zaidi, nalikiri hapa mbele yenu. Kitabu cha kufundishia sikuwa nacho. Mifano yangu yote niliichota nyumbani, na nyumbani ni jengo hili. "Fundi Bomba hutoka saa moja asubuhi, lakini Jumatano hupumzika." "Shangazi yangu hasikii vizuri sikio la kulia." "Mwanangu anakula saa nne." Mabega aliandika yote kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Leo ilikuwa Jumatano.

"Mbona umepauka?" wifi akaniuliza.

"Damu tu, wifi. Sipendi damu."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema. Niliiacha ikapita.

*

Shangazi ninayekaa kwake, ghorofa ya tatu, si wa damu. Alinikuta nje na mtoto mgongoni mwezi wangu wa kwanza, akaniuliza jambo moja tu: "Unajua kuosha vyombo?" Nikasema najua. "Basi una shangazi." Yeye ndiye anayemlea mwanangu nikiwa kazini. Mtoto ana miaka mitatu na mdomo wa miaka thelathini, tunamwita Chiriku.

Jioni ile Shangazi alikuwa anakaza skrubu za komeo kwa kisu cha mezani.

"Kuna mtu kamfundisha yule hayawani," akasema. "Matamshi yale hayaokotwi njiani. Kuna mtu wa kwetu kakaa naye kitako akampa neno moja moja, kama mtu anayemlisha kinda."

"Labda aliishi kwetu zamani, Shangazi."

"Labda! Mimi nikimpata, nitamkata ulimi nimpe paka. Na paka ataukataa."

"Ulimi gani, bibi?" Chiriku akauliza.

"Wa nguruwe, mjukuu wangu. Kula."

Nilimfunika Chiriku, nikalala na nguo zangu zote. Ulimi wangu nilikuwa nao mdomoni, unene wake kama kiatu.

*

Alhamisi ilikuwa siku ya somo. Mtaniuliza kwa nini nilikwenda. Nilikwenda kwa kuwa nilikuwa na mpango. Nami, wasomaji wangu, nikiwa na mpango ni mtu wa kuogopwa, hasa na mimi mwenyewe.

Mpango ulikuwa huu: nitampandishia bei mpaka akimbie.

"Shikamoo, mwalimu," Mabega akasema, akiinamisha kichwa apite mlangoni.

"Marahaba," nikasema. Mazoea hayana aibu.

Chumba kile ni kidogo. Kuna meza ya kupigia pasi, viti viwili, rundo la mashati ya watu. Pasi ilikuwa imewaka, nilikuwa sijamaliza kazi ya Mama Dobi.

"Bei imepanda," nikamwambia kabla hajakaa.

"Imepanda kiasi gani?"

"Mara kumi."

Nikafunga mdomo. Kama nilivyofundishwa.

Naye akafunga. Pasi ikapumua. Akasimama, akausukuma mlango kwa kisigino, akauzuia kwa kiti chake.

"Mwalimu," akasema, Kiswahili chake safi kama shati lililotoka kwangu, "na mimi nina bei."

Akanishika kiganja cha mkono wa kushoto, akaunyoosha mkono wangu juu ya meza kama mtu anayetandika mkono wa shati. Kwa mkono wa pili akachukua pasi.

"Fundi amelipa mkono mmoja. Wewe utalipa ngapi?"

"Niachie! Nina mtoto!"

"Najua una mtoto. Somo la sita."

Aliigusisha tu. Kama mtu anayepima kama pasi imeshika moto. Nilisikia ngozi yangu ikisema *chaa*, nikasikia harufu, halafu ndipo maumivu yakaja, mbio, yakipigana kikumbo yaingie yote kwa pamoja. Nilipiga ukunga. Upande wa mbele mashine tatu za Mama Dobi zilikuwa zinanguruma, na Mama Dobi alikuwa anaimba.

"Kimya. Sikiliza," Mabega akasema. "Watu wako wameshajua hodi yangu. Hawafungui tena. Kesho saa nne asubuhi utakuja na mimi mpaka kwa shangazi yako. Utaita wewe."

"Siiti."

"Utaita. Saa nne Chiriku anakula. Nimekosea?"

Nikauvuta mkono, hakuuachia.

"Mwalimu, mwanafunzi anapopatia, anasifiwa."

Akaisogeza pasi tena.

"Umepatia," nikasema, nikilia. "Hujakosea."

Akaisimamisha pasi vizuri kwenye kisahani chake, isije ikaunguza kitambaa. Kitambaa alikionea huruma.

*

Shangazi aliponifunga kile kidonda aliniuliza mara moja tu, na nilimwambia pasi iliniteleza. Akaugeuza mkono wangu kwenye mwanga. Alama ya pasi inayoteleza na alama ya pasi inayowekwa hazifanani, na Shangazi amepiga pasi miaka arobaini.

Asubuhi ya Ijumaa nilimshika magoti.

"Shangazi, leo nikiita mlangoni, usinifungulie."

"Nisikufungulie wewe?"

"Hata nikilia. Hata nikisema ni mimi. Niahidi."

"Mtoto wa watu, una nini?"

"Niahidi tu, Shangazi. Makomeo yote mawili."

Akasema sawa, lakini alisema kama mtu anayemwambia mgonjwa sawa. Nikapita kwa Fundi Bomba. Alikuwa amekaa kitini, mkono umefungwa plasta, jicho limevimba kama andazi.

"Kaka, watakuja saa nne, juu kwa Shangazi."

"Umejuaje?"

"Nimesikia kwa dobi." Uongo wa nusu, ni kwa dobi kweli nilikosikia.

Fundi hakuuliza zaidi. Aliinama taratibu, akavuta spana yake kubwa ya mabomba kutoka chini ya kitanda, akaipima kwa mkono wa kulia.

"Mungu ni fundi mwenzangu," akasema. "Kaniachia ule unaotumika."

Nikashuka kumsubiri Mabega mlango wa mtaani. Nilitaka kumwambia uso kwa uso kwamba siiti, aniue huko huko barabarani mbele ya watu, mbali na mwanangu. Niliona kama ushujaa. Sasa najua ulikuwa uoga uliovaa nguo za kushona, maana ushujaa ungekuwa kusema kweli ghorofa ya tatu.

Alikuja na wawili. Mmoja alishika mtaimbo, umefungwa gazeti kama maua.

"Siiti," nikasema.

Mabega alinipinda mkono ule wenye kidonda nyuma ya mgongo, tukapanda. Mimi mbele, magoti yangu yakigonga kila ngazi. Ghorofa ya kwanza. Ghorofa ya pili, mlango wa Fundi umeegemezwa ubao, kimya. Ghorofa ya tatu.

"Ita."

Nikanyamaza. Akanipiga ngumi ya figo. Ilikuwa ngumi ya kazi, haina hasira ndani yake, kama mtu anayegonga msumari.

"Ita."

Nikanyamaza. Akanishika kisogo, akanipigiza uso kwenye mlango wa nyumba yangu. Pua ikavunjika, nikaonja chumvi.

"Mama?" sauti ndogo ikasema ndani. "Bibi, mama amepiga hodi kwa kichwa!"

"Ita, mwalimu."

Nikavuta pumzi yote iliyobaki duniani.

"Shangazi, usifungue! Usifungueee!"

Akanipigiza tena. Na tena. Ya tatu niliisikia kwa mbali, kama inampata jirani.

Na hapo nikasikia nilichokiogopa kuliko mtaimbo. Komeo la kwanza. Komeo la pili.

Mwanamke aliyenichukua nje na mtoto mgongoni hakuweza kukaa ndani asikilize napigwa. Ahadi yangu niliyomfunga nayo aliivunja kama uzi.

Mlango ukafunguka, na Shangazi akatoka na birika.

Maji yalikuwa yanachemka. Yalimpata wa mtaimbo kuanzia paji la uso mpaka kifuani. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Mtaimbo ulianguka, ukashuka ngazi ukipiga kengele kila daraja, na mwenyewe akaufuata akijikwaruza uso kwa mikono miwili. Wa tatu alimtazama Shangazi, akalitazama birika, akaona kazi hii hailipi. Akakimbia.

Mabega aliniachia. Alimshika Shangazi koo, akamnyanyua mpaka kandambili zikamvuka.

"Muache bibi!" Chiriku akapiga kelele. "Muache bibi, wewe mtu mnene!"

Nilimrukia mgongoni. Nilimng'ata sikio, nikaling'ang'ania kama mbwa, nikasikia gegedu likikatika kati ya meno yangu. Mimi, ninayefundisha maamkizi! Akanitupa ukutani.

Fundi Bomba alikuwa amepanda kimya kimya, pekupeku. Spana ilishuka mara moja. Bega la kushoto likalia kama tawi kavu. Shangazi akaanguka, akikohoa. Spana ikashuka mara ya pili, bega la kulia.

"Hii ya mlango ulipofungwa," Fundi akasema, anahema. "Na hii ya ulipofungwa tena."

Mabega aliporomoka ngazi zote mpaka kibarazani ghorofa ya pili. Huko akawakuta wanawake. Wifi alikuwa na mchi. Wengine walikuwa na walichokuwa nacho: kiatu, kifuniko cha sufuria, fimbo ya pazia. Walimpiga kwa miezi yote ya kulala na makomeo. Walimpiga mpaka akajikunja kama mtoto tumboni. Na akiwa amejikunja, akafungua mdomo uliojaa damu.

"Basi, jamani, basi! Nihurumieni ndugu zanguni!"

Viatu vikasimama hewani.

Alisema vile vile kama tunavyosema sisi. Lile 'jamani' lilikuwa na machozi mahali pake. Hata mimi, pua imevunjika, nilitaka kumsifu.

"Nani kakufundisha?" wifi akauliza, mchi juu ya kichwa chake. "Sema, au nakipasua!"

Mabega akainua macho mpaka ngazi za juu, akanitafuta, akanipata nimekaa ukutani na damu yake kidevuni.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Wote wakageuka.

Fundi Bomba aligeuka na spana. Wifi aligeuka na mchi. Shangazi alikuwa amekaa kizingitini, alama za vidole shingoni, Chiriku amemkumbatia. Alinitazama usoni, kisha akautazama mkono wangu uliofungwa kitambaa, ule aliofunga yeye.

"Wewe?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Kwamba aliniambia anaoa. Kwamba sikujua. Kwamba nilijua tangu Jumatano. Kwamba mtoto alikuwa anataka viatu. Maneno yote ninayouza kwa saa yalikimbia, likabaki moja.

"Alilipa," nikasema.

Hakuna aliyenipiga. Ningeshukuru wangenipiga.

*

Askari walikuja wawili, mkubwa wao mwanamke mwenye miwani na kijitabu. Sijui nani aliwaita. Walikuta mtu mmoja sakafuni, mabega yamevunjika, sikio halijakamilika, na watu kumi na wawili wamemzunguka na silaha za jikoni. Walikuta Fundi Bomba na spana yenye damu.

Mabega alianza kusema kwanza, kwa lugha yao. Kwa lugha yao alikuwa mtu mwingine kabisa, mpole, wa kusikitisha.

"Mimi ni mwanafunzi," akasema. "Nilikuja kwenye somo langu. Nimelipia kumi, nimesoma saba tu. Hawa watu wamenivamia. Huyu wa spana ndiye aliyenivunja."

"Mwongo!" Fundi akapiga kelele kwa Kiswahili. Askari hakujua neno lile, alijua tu kelele.

"Mwalimu wangu ni yule pale. Daftari langu liko mfukoni."

Askari akalitoa. Akafungua. Mwandiko wake na masahihisho yangu kwa wino mwekundu, na kila mwisho wa somo nimeandika 'Vizuri sana!' Katikati ya kurasa kulikuwa na karatasi ya bei zangu, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameomba nakala, na mimi nikamwandikia kwa furaha.

Yule askari mwanamke akapanda ngazi mpaka mbele yangu. Akainama, akasema polepole, kama watu wa huku wanavyosema nasi.

"Mama. Hii ni karatasi yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyu mtu ni mwanafunzi wako? Anakulipa?"

Nilikuwa na jibu refu. Nililipanga lote kichwani kwa lugha yao, sentensi baada ya sentensi: pasi, mkono wa Fundi kwenye mlango, mtaimbo, shingo ya Shangazi. Lakini mimi nimelelewa kwetu. Kwetu mkubwa akikuuliza, unaanza na ndiyo ya heshima, halafu ndipo unafungua mzigo. Hukurupuki na hapana mbele ya mkubwa, hata kama mzigo mzima ni hapana.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mwanafunzi wangu. Lakini..."

Huku ndiyo ni ndiyo. Ikishatoka, wanaandika.

Aliandika. Akageuka nusu, akampa mwenzake ishara kwa kidole. Fundi Bomba alikuwa bado ananitazama akisubiri ile 'lakini' yangu ikamilike, na pingu zikamfunga mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na plasta, hauingii. Wakamfunga kwenye nguzo ya ngazi kwanza, huku wakifikiria.

"Subiri!" nikapiga kelele. "Sijamaliza! Alikuja kutuua! Subiri!"

"Utamaliza kituoni," askari akasema, akafunga kijitabu.

"Dada," Fundi akaniambia, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Umesema ndiyo kwa nani?"

Wifi alikuwa amekaa chini anajipiga tena mdomoni. Mabega alikuwa anabebwa kwenye machela kama mgeni wa heshima, na alipopita usawa wangu alifumba jicho moja.

Nikageukia mlango wetu. Nilitaka mwanangu tu. Nilitaka kumshika, halafu niende kituoni nikaseme yote hata kama ni kwa kulia.

Shangazi alikuwa amesimama, amembeba Chiriku kiunoni. Hakuwa analia. Alirudi nyuma hatua moja, akaingia ndani, akaufunga mlango. Nikasikia komeo la kwanza. Nikasikia la pili.

"Shangazi! Shangazi, nipe mtoto!"

"Mama!" Chiriku akaita. "Bibi, ni mama!"

Sauti ya Shangazi ilitoka nyuma ya mbao, nzito kwa lile koo lililokabwa.

"Mtoto yuko kwa bibi yake. Wewe nenda kwa mwanafunzi wako."